Kompyuta tano za Ndalambo, na mwalimu aliyekuwa mbele yetu kwa ukurasa mmoja

Najua nimeadimika. Wiki mbili hizi zimekuwa za msuli mtupu, test tatu zimefuatana, bumu limechelewa na ruumeti wangu kaamua kuwa mgonjwa wiki hiyo hiyo. Ila niko hai, na leo nina la kusimulia, tena refu, kwa hiyo tafuta chai ukae.

Lekchara wetu mmoja katupa kazi ya kozi weki: kila mtu aandike historia ya somo atakalokwenda kufundisha. Wenzangu wa Historia na Baiolojia wakachekelea, maktaba imejaa vitabu vyao. Mimi wa Kompyuta nikabaki nimeduwaa. Somo langu lina historia gani? Nilidhani nitajaza kurasa mbili nikalale. Nimechimba siku tisa, na nilipofika mwisho nimejikuta nimerudi nyumbani Ndalambo, kwa mtu ambaye kwa miaka mingi nimekuwa nikimcheka. Kazi ya lekchara nimeiandika kwa Kiingereza cha kukaza shingo, hapa naiandika kama ilivyo.

Kwa msioijua, Ndalambo iko Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe, upande wa barabara ya kutoka Tunduma kwenda Sumbawanga. Mkoa wenyewe umezaliwa 2016, kabla ya hapo sote tulikuwa Mbeya. Na Momba ilikatwa kutoka Mbozi mwaka 2012. Kwa hiyo bibi yangu hajahama hata hatua moja maishani mwake lakini kaishi wilaya mbili na mikoa miwili!

Tuanze na 1965. Mwaka huo kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha, Dar es Salaam. Ilikuwa inaitwa ICT 1500, na hizo herufi ni jina la kampuni ya Uingereza iliyoiuza, wala siyo ICT hii tunayoijua sisi. Nilicheka peke yangu maktaba mpaka mtu akanigeukia. Hesabu za serikali na mishahara zikaanza kuhamishiwa kwenye mashine, mambo yakaenda mrama, gharama zikapanda na wataalamu wakawa wa kuagizwa nje. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Ndiyo, marufuku kabisa! Wenzangu wengi hapa kampasi hawajui hili, na nilipowaambia wakasema nimelitunga. Zuio lile lililegezwa taratibu miaka ya 80, na kufika katikati ya miaka ya 90 lilikuwa limebaki hadithi. Lakini hebu piga hesabu. Miaka ambayo wenzetu walikuwa wakiwazoesha walimu wao mashine hizi, sisi hata kuzileta ilikuwa shughuli ya kuomba kibali. Uingereza mwaka 1981 shirika la BBC lilianza mradi wa kuwafundisha wananchi kompyuta kupitia televisheni, likatoa na kompyuta yake iliyoenea mashuleni. Mwaka 1981 sisi Bara hata televisheni hatukuwa nayo! (Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, msinirukie.)

Sasa kuna jambo lilinishangaza hapa, na sijaona mtu akiyaweka haya mawili pamoja. Huo mwaka 1974 ambao tuliifungia kompyuta mlango ndio mwaka wa Azimio la Musoma. Mwezi Novemba TANU iliamua kila mtoto awe shule ya msingi ifikapo 1977. Ile ndiyo UPE mnayosikia wazee wakiitaja. Walimu wa kutosha watoke wapi? Vyuo havikutosha hata kwa mbali. Kwa hiyo wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wengi kutoka vijiji vile vile, wakafundishwa kazi huku wakiifanya: vipindi vichache kwa siku, muda uliobaki masomo kwa posta na kwa redio, na mratibu wa kuwatembelea. Wakapatikana makumi ya maelfu kwa njia hiyo. Watu wakawaita walimu wa UPE kwa dharau, na dharau yenyewe ilikuwa na sababu, maana wengine walifundisha wasichokielewa. Lakini nimemuuliza bibi. Akasema: "Walimu wale walikuwa watoto wetu, hawakuwa na pa kwenda." Niliandika maneno hayo pembeni ya daftari na nimeyarudia mara nyingi wiki hii.

Turudi kwenye kompyuta. Muhtasari wa kwanza wa somo hili kwa sekondari ulikuja miaka ya 1996 na 1997. Lilikuwa somo la hiari, na shule zilizoweza kulichagua zilikuwa chache, hasa za binafsi, seminari na za mijini. Mwaka 2003 nchi ikapata Sera ya Taifa ya TEHAMA. Mwaka 2005 Taasisi ya Elimu ikatoa muhtasari mpya, somo likaitwa Habari na Kompyuta, kidato cha kwanza mpaka cha nne: historia ya kompyuta, kuchapa nyaraka, lahajedwali, kanzidata, mpaka kuandika programu. Mtihani wa Baraza ukawa na karatasi mbili, nadharia na vitendo. Kwenye makaratasi ni somo zuri kabisa, nalisema kama mtu ninayelisomea.

Tatizo ni nani alifundishe.

Hapa ndipo inabidi mkumbuke kilichokuwa kinaendelea nchini wakati huo huo. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulianza 2004, na shule za kata zikaota kama uyoga. Mwaka 2004 nchi nzima ilikuwa na sekondari 1,291. Mwaka 2009 zilikuwa 4,102. Miaka mitano tu! Wazazi wakachanga mawe na mchanga, madarasa yakasimama, na mlango ukafunguliwa bila mwalimu ndani. Ndipo wakaja voda fasta. Wadogo zangu hamkumbuki, hata mimi nimesimuliwa: vijana waliotoka kidato cha sita, wakapewa mafunzo ya wiki chache, wakapelekwa madarasani mwaka 2006 na 2007. Jina walipewa na wananchi kutokana na ile huduma ya kuongeza salio chap chap. Watanzania kwa majina hatujambo. Sasa fikiria, mahali ambapo mwalimu wa Hesabu hayupo na wa Fizikia hayupo, nani ataanza kumtafuta mwalimu wa Kompyuta?

Hata hivyo si kwamba serikali ililala. Kuanzia 2005 Wizara ya Elimu kwa msaada wa Sweden, kupitia shirika lao la Sida, ilianza kupeleka kompyuta kwenye vyuo vya ualimu vya serikali, vyuo 34. Maabara zikafungwa, wakufunzi wakafundishwa, na TEHAMA ikaingia ndani ya mafunzo ya ualimu. Kwa upande wetu vyuo vya karibu ni Mpuguso kule Rungwe na Sumbawanga. Mwaka 2007 ikaja na sera maalumu ya TEHAMA kwa elimu ya msingi na sekondari. Mwaka 2008 UNESCO nao wakatoa viwango vya dunia vya ujuzi wa mwalimu katika TEHAMA, wakavirekebisha 2011 na tena 2018.

Mimi nilipokuwa nasoma hayo nilifurahi, halafu nikagundua kitu kikanikera. Karibu yote hayo yanahusu mwalimu KUTUMIA kompyuta. Mwalimu wa Jiografia aweze kuonyesha ramani kwa projekta, mwalimu wa taaluma aweze kupanga matokeo bila kukesha na kalkuleta. Ni jambo jema, sikatai. Ila mwalimu anayejua kutumia kompyuta si mwalimu wa somo la Kompyuta, kama ambavyo dereva wa fuso si mwalimu wa Fizikia hata kama analijua gari mpaka kwenye nati. Hayo mambo mawili yamechanganywa kwa miaka yote hii. Mtu akihudhuria semina ya siku tano, akajua kufungua faili na kuchapa barua, akirudi shuleni anakabidhiwa somo zima lenye kanzidata na programu ndani yake. Ukisema hujui, unaambiwa "si ulikwenda semina wewe?"

Tusijicheke wenyewe sana, maana hata Uingereza waliteleza hapo hapo. Januari 2012 jumuiya yao ya wanasayansi, Royal Society, ilitoa ripoti ikisema somo la TEHAMA mashuleni limekuwa la kuchapa na kupaka rangi tu. Septemba 2014 wakabadilisha mtaala, watoto waanze kujifunza kuandika programu. Na walimu wao wakakutwa hawajui! Wale wale waliofundishwa kuchapa wakaambiwa wafundishe kitu kingine. Nchi iliyoanza 1981!

Sasa nifike nyumbani.

Nikiwa kidato cha pili, 2018, shule yetu ililetewa kompyuta tano. Shule siitaji, ni ya kata, na waliozileta siwataji pia. Siku zilipofika tulipiga vigelegele kama bibi harusi kaingia. Zikawekwa ofisi ya mkuu, zikafunikwa kitenge kwa ajili ya vumbi, na hapo zikakaa muhula mzima kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuzigusa. Baadaye mwalimu wetu wa Jiografia akapelekwa mafunzo mjini. Alirudi baada ya wiki moja na kitabu kimoja kilichofungwa kwa waya pembeni, na kuanzia hapo akawa mwalimu wa Kompyuta.

Jamani, tulimcheka! Alichora kibodi ubaoni kwa chaki, herufi zote, tukawa tunabonyeza hewani madawati yakiwa yamejipanga kama kwaya. Tukienda kwenye mashine zenyewe tulikuwa kumi na wawili kwa moja, anayegusa mmoja, wengine tunashangilia. Umeme ukikatika tunarudi kwenye chaki. Kuna siku binamu yangu alimuuliza kwa nini herufi za kibodi hazikupangwa A, B, C. Mwalimu akakaa kimya, akasema, "Hilo nitalijibu kesho." Darasa likaangua kicheko. Kesho yake akaja kweli na jibu, habari za mashine za kuchapa za zamani, lakini sisi tulikuwa tumeshampa jina: Mwalimu Kesho. Kila mtu shuleni alilijua jina hilo, naye nadhani alilijua.

Mwaka uliofuata akapata uhamisho, familia yake ilikuwa mbali. Kompyuta zikarudi kwenye maboksi. Hapakuwa na ubaya wa mtu yeyote. Mafunzo yalikuwa ndani ya kichwa cha mtu mmoja, kichwa kikapanda basi kikaondoka. Sisi somo hilo tukalimalizia kwa kutolifanya, hakuna hata mmoja wetu aliyelisajili kwenye mtihani wa Baraza. Nilikuja kugusa kompyuta tena Tunduma, kwenye stationery moja karibu na mpaka, nikilipia kwa saa. Tunduma mnaijua, kila mlango wa pili ni wakala wa forodha, na tangu kituo cha pamoja cha mpakani na Nakonde kilipozinduliwa Oktoba 2019 ndiyo kabisa, kijana anayejua kujaza fomu kwenye mtandao halali njaa. Yaani kompyuta ilikuwa inalipa pale Tunduma, na za kwetu zimelala kwenye maboksi.

Mwaka jana nikapangiwa mazoezi ya kufundisha, na kwa kuwa nauli ilikuwa ishu niliomba upande wa nyumbani. Nikapata shule nyingine, si ile niliyosoma. Kompyuta zipo, tano pia, na mbili hazikuwa zinawaka. Wanafunzi sitini na wanne. Mimi nina cheti cha kidato cha sita, nina miaka miwili ya chuo kikuu, nimeandika programu, nimesoma mbinu za kufundishia, nina andalio la somo limepigwa chapa na kupangwa vizuri. Wiki ya kwanza nikajiona bingwa.

Wiki ya pili binti mmoja wa mstari wa mbele akainua mkono. "Madamu, kompyuta ikizimwa, vile vilivyokuwa ndani vinakwenda wapi?" Swali rahisi, si ndiyo? Najua kumbukumbu ya muda na ya kudumu, nimefanyia mtihani nikapata A. Lakini kulieleza kwa Kiswahili na Kiingereza kilichochanganyika, kwa mtoto ambaye hajawahi kuwa na simu yake mwenyewe, bila kumwongopea, nikaishiwa maneno. Nikasikia mdomo wangu mwenyewe ukisema: "Hilo nitalijibu kesho."

Nilirudi ghetto usiku ule nikiwa na aibu ambayo siwezi kuieleza. Kuhusu lile swali nilipata njia, nikatumia ubao na daftari: cha ubaoni kinafutwa, cha daftarini kinabaki. Binti akaelewa. Aibu ilikuwa ya kitu kingine.

Kwa hiyo kazi hii ya kozi weki ilipokuja, nilitafuta namba ya Mwalimu Kesho. Ilinichukua siku tatu. Nikampigia jioni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Nani mwenzangu?"

Nikajitambulisha, akanikumbuka na namba yangu ya dawati. Nikamwambia nasomea kufundisha Kompyuta. Kimya. Nikadhani salio limekata. Kisha akacheka, akasema hakutegemea kama kwa vurugu ile kuna mtu angetoka. Nikamuuliza yale mafunzo yalikuwaje. Akasema siku ya kwanza nzima ilikuwa ufunguzi na posho. Siku ya pili walikuwa watatu kwa kompyuta moja, na yeye alikuwa hajawahi kushika kipanya. Siku ya tano walipewa vyeti. Aliporudi, kila usiku alikuwa anaomba ufunguo wa ofisi ya mkuu, anasoma ukurasa mmoja wa kile kitabu, anaujaribu kwenye mashine, na asubuhi anatufundisha ukurasa huo. "Nilikuwa mbele yenu kwa ukurasa mmoja tu, mwanangu. Mkiuliza cha ukurasa wa pili, nasema kesho."

Nilitaka kuomba msamaha kwa lile jina. Sikuweza. Nikamwambia habari ya binti wa mstari wa mbele na jibu nililompa siku ile. Alicheka mpaka akakohoa. Sijui kama kwa hapo alielewa nilichokuwa nataka kusema, nadhani alielewa.

Sasa hapa ndipo mimi na lekchara huenda tukatofautiana. Katika kazi yangu nimeandika kwamba tatizo la kuandaa walimu wa Kompyuta halijawahi kuwa semina kutokuwepo. Zimekuwepo, na bado zipo. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umekuwa ukigawa kompyuta kwa shule na kugharamia mafunzo ya walimu katika vyuo kama UDOM, DIT na MUST pale Mbeya, na wengi wamenufaika. Lakini semina inamchukua mtu mmoja kutoka shule moja. Akihama, akistaafu au akipata kazi benki, shule inarudi 1974. Na ukimfundisha sawasawa ndiyo anaondoka upesi zaidi! Niangalieni sisi wenyewe darasani: tuko wachache, na nusu yetu tunaongea habari za kampuni za simu, si habari za chaki. Simlaumu mtu, hata mimi nimepiga hesabu hizo usiku. Wale wa UPE walidharauliwa, lakini walifundishwa wakiwa pale pale, wakifundisha, kwa miezi na miezi, mratibu akija kuwaona, na hawakuwa na pa kwenda. Walifundishwa vibaya mahali pazuri. Sisi tunafundishwa vizuri mahali ambapo somo halipo. Nimependekeza shule tatu nne za jirani, tuseme Ndalambo, Nkangamo na za kule Ikana, ziwe na walimu wawili wawili wanaofundishwa huko huko na mkufunzi anayezunguka mwaka mzima, sasa barabara ni ya lami. Ruumeti kasoma akasema nimeandika kama mbunge. Sawa.

Na muda haupo, maana mtaala mpya uliotokana na Sera ya Elimu, toleo la 2023, ulianza kutekelezwa kwa awamu Januari 2024, na ndani yake somo sasa linaitwa Sayansi ya Kompyuta. Jina limepanda cheo. Yule mwalimu wa semina ya siku tano sasa anatakiwa afundishe kufikiri kwa hatua na kuandika programu, kitu ambacho Uingereza kiliwatoa jasho wenye maabara.

Mwalimu Kesho hafundishi tena Kompyuta. Huko alikohamia kuna Jiografia tu, mashine hakuna. Lakini kabla hatujakata simu aliniuliza kama nina notisi za hizo programu za siku hizi, nimtumie. Nikamwambia ninazo. Akaniuliza kama ni nyingi. Nikasema kurasa mia na themanini.

"Basi tuma taratibu," akasema.

Nimemtumia kumi za kwanza jana kwa WhatsApp, alama za bluu zimetokea saa sita usiku. Wacha nikimbie, stationery ya geti la chini inafunga saa mbili na bado sijaprinti hata ukurasa mmoja wa hii kazi. Nikipata sapu mtajua sababu.